Syokau na Mto Uliokataa Kufurika

Syokau alitoka Lindi, mtaa wa ndani ya Kibera, na kibuyu. Wiki ile watu walitoka Kibera na magodoro, televisheni, mitungi ya gesi, hata kuku. Jamaa mmoja alipita hapa Gatina, Kawangware, amebeba mlango wa nyumba yake, akasema mlango alinunua yeye, mwenye plot abaki na shimo. Syokau aliacha godoro, akaacha meza na vyombo, akaja kwangu amekumbatia kibuyu cha kunde kama mtu aliyeiba mtoto.

"Hicho ni nini?" nikamwuliza.

"Mbegu."

"Watu wanakimbia na roho zao, wewe unakimbia na mbegu?"

"Godoro nitapata lingine," akasema. "Hizi haziuzwi soko la Gikomba."

Mimi ni Mkamba wa Machakos, yeye ni wa Kitui, na sisi wa Machakos tumekuzwa tukiambiwa watu wa Kitui ni wabishi kwa sababu ya jua la kwao. Sikubishana. Nilimpa kiti, nikarudi kwa chapati zangu.

Kwao Syokau ni mbali kuliko Kitui ambayo watu wanaijua. Ukifika Mwingi unadhani umefika, kumbe bado. Unaenda mpaka nchi inaishia kwenye mto Tana, na ng'ambo ni watu wengine. Hapo ndipo alizaliwa. Baba yake alikuwa na mashamba mawili. La juu lilikuwa la mahindi na pojo, lina mipaka ya mkonge, na likitegemea mvua basi mwaka mmoja unavuna na miwili unaangalia. La chini lilikuwa kipande cha ukingo, na hicho ndicho kilichowalisha.

Ukingo hauna mkonge. Mpaka wake ni maji. Zamani mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, mvua ndefu na mvua ya vuli. Ilinyesha huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, na baada ya wiki hivi Tana inafika kwao ikiwa nyekundu, imebeba udongo wa Nyeri na Murang'a. Kuna jiwe pale mtoni lenye umbo la ndovu aliyelala. Maji yalipimwa kwa huyo ndovu: yakifika kwato, hiyo ni salamu tu, yakifika tumboni, watu wanatoa mbegu, yakifika sikioni, wanahamisha mbuzi. Halafu yakianza kurudi, wanawake wanashuka nyuma yake na mti wa kuchimbia. Unapanda pale yalipoachia juzi, kesho unashuka mstari mwingine. Ukiwahi, mbegu inaoza. Ukichelewa, tope linapasuka kama sahani. Syokau anasema ni kama kumfuata mume mlevi akirudi nyumbani: usimkaribie sana, na usimwache aende peke yake.

Na kulikuwa na sheria moja ya ukingo, fupi: maji yafike, mbegu iingie. Kipande chako kikikaa misimu miwili mfululizo bila hayo mawili, jirani wa karibu anakichukua. Hakuna hati wala chifu. Wazee wa ukoo wanakaa, wanaangalia tope, wanasema.

Halafu yakaja mabwawa. La kwanza Syokau hajazaliwa vizuri, la mwisho tayari ameolewa. Ni matano, yamepangana mtoni moja nyuma ya lingine kama watu kwenye foleni ya posho. Hakuna aliyekuja kijijini kwao kusema mto utabadilika, kwa sababu mabwawa yako mbali na kwao, na umeme wenyewe haukupita kwao. Walichoona ni ndovu. Mwaka mmoja maji yalifika tumboni, mwaka uliofuata magotini, halafu kwato, kwato, kwato. Hakuna jirani aliyedai kipande cha mwenzake, vyote vilikuwa vikavu. Na kiangazi, wakati mto ulikuwa unakonda mpaka mtoto anavuka, sasa haukondi. Maji yamo tu. Zamani mto ulikuwa na tabia zake. Sasa una mwendo wa mtu aliyeandikwa kazi, asubuhi na jioni sawa.

Mume wake Wambua alipofariki, Syokau alimwacha mama yake, Nzilani, alinde ukingo, akaja Nairobi. Binti yake Ndunge alikuwa ameshaolewa Kangundo. Akapanga chumba Lindi, na mbele ya chumba akaweka tangi jeusi la plastiki na mpira wa kujazia, akawa muuza maji. Msichana wa Tana anauza maji kwa mtungi. Nilimcheka sana kwa hilo.

"Cheka," aliniambia. "Nyinyi wa Machakos mngekuwa na mto mngeuuza kwa kijiko."

Jirani yake wa Lindi alikuwa Jeconia, Mjaluo mwenye mvi, fundi wa viatu, mtu wa kuongea polepole mpaka unataka kumsukuma. Ujanani Jeconia alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa mojawapo la Tana. Syokau alipogundua hilo hakumwachilia.

"Huyu ndiye alifunga mto wetu," alikuwa anawaambia wateja.

"Nilibeba karai, Mama Ndunge," Jeconia anajibu bila kuinua kichwa. "Nilikula mshahara. Mto wako sikuula."

Sasa sikia jambo ambalo liliharibu hesabu za Syokau. Mwisho wa mwaka wa 2006 ilinyesha vibaya. Redio ilisema ni bahari, kwamba maji ya bahari za mbali yakipata joto huku kwetu tunanyeshewa, kama ile Elinino ya mwaka wa 1997. Ilinyesha mpaka mabwawa yakajaa na kumwagika, na Tana ikapanda kwao kama zamani. Ndovu alilowa tumbo. Mama Nzilani, pamoja na uzee wake, alishuka na mti wake akapanda ukingo wote, akavuna kunde ambazo hawakuwa wameziona miaka mingi. Kibuyu alichobeba Syokau kilitoka kwenye mavuno hayo. Mama yake alimpa akisema, "Mto umepona. Msimu ukija, uje wewe, mimi nimechoka." Na kweli alikuwa amechoka, miezi michache baadaye alianguka akavunjika nyonga.

Mvua ndefu ya 2007 alikuwa ameshapanda kabla hajaanguka, mabwawa yaliyojaa bado yakimwagika. Vuli ya mwaka huo ikapita hivi hivi. Bahari zilikuwa zimepoa, redio ikasema, na mvua ikawa ya kutema mate. Mto haukupanda, mama alikuwa kitandani, na kipande hakikupandwa. Huo ukawa msimu wa kwanza bila mbegu. Syokau alijua. Ule wa pili ungekuwa mvua ndefu ya 2008, na jirani wa karibu alikuwa Nyamai, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye alikuwa amenunua pampu ya petroli na alikuwa analima nyanya mwaka mzima. Nyamai alikuwa anasubiri tu.

Siku moja ya Desemba, kabla ya kura, nilikuwa nimemtembelea Lindi, nikamsikia akimwambia Jeconia kwamba Machi ikinyesha ataenda kwao kupanda.

Jeconia alinyoosha kidole kwenye tangi. "Hili likiwa tupu, bomba likianza kutoa maji, yanamwagika barabarani?"

"Hapana. Mpaka lijae."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi mvua ya Nyeri itaingia tangini kwanza. Vuli haikunyesha, mabwawa yameshuka. Mpaka yajae ndipo wewe umwagiwe."

"Mto si tangi."

"Haukuwa," Jeconia akasema, akauma misumari yake akaendelea na kiatu.

Huyu ni mwanamke anayeuza maji ya tangi kila siku ya Mungu, na akaelezwa kwa tangi lake mwenyewe, akakataa. Lakini alikuwa ameliona tumbo la ndovu likilowa mwaka mmoja tu uliopita. Mtu akiona kitu cha zamani kimerudi mara moja, anaamini kimekuja kukaa.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa Jumapili, na Kibera ikashika moto. Mwanzoni sisi Wakamba tulikuwa katikati kama mtoto wa kambo, hakuna aliyetutaka na hakuna aliyetuwinda. Wiki ya pili ya Januari nusu ya mawaziri wakatangazwa, Mkamba akapewa umakamu wa rais, watu wa upinzani wakasema Wakamba wamechagua upande, na ukatikati wetu ukaisha siku hiyo. Vijana walikuja kwenye tangi la Syokau na mapanga. Baadhi walikuwa wateja wake. Walilikata, maji yakateremka mtaroni kuelekea Nairobi Dam, ambalo ni bwawa kwa jina tu, limejaa gugu na uchafu.

Jeconia ndiye alimwambia, "Mama Ndunge, toka sasa hivi, mchana, watu wakiwa wanaona. Giza likiingia sitakuwa na la kusema." Akachukua sanduku lake la nyundo na gundi, akatembea kando yake mpaka barabara kubwa kama mtu anayepeleka viatu kwa mteja. Waliomsimamisha aliwaambia huyu ni shemeji. Walijua si shemeji. Walimwacha kwa sababu alikuwa amewashonea viatu.

Ndivyo kibuyu kilivyofika Gatina.

Kwetu hakukuwa peponi. Kawangware nayo ilikuwa na moto wake, na barabara ya kutoka Nakuru ilikuwa imefungwa, kwa hivyo maharagwe hayakuja, na kazi yangu ni kuuza githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati. Maduka ya 56, kituo chetu cha matatu, yalifungua mlango nusu, ukiuliza unga wanakuangalia kama umeuliza dhahabu. Mwenye plot yetu, Waithira, ambaye babu yake alilima hapa kabla hatujazaliwa, alikuja kuangalia nani ameongezeka.

"Mama Antony, huyu ni mgeni ama ni mpangaji?"

"Ni mgeni."

"Mgeni hukaa siku ngapi?"

"Uliza waliochoma Lindi."

Akaangalia kibuyu. "Hiyo ni pombe?"

"Ni kunde," Syokau akasema.

"Na mna njaa?" Waithira akashangaa, akaenda zake. Hakumfukuza. Hilo nampa.

Lakini swali lake lilibaki chumbani. Jioni hiyo tulikuwa na sukuma wiki na chumvi. Niliangalia kibuyu, nikasema tuoshe yale majivu, tupike. Kunde za mbegu huchanganywa na majivu ili zisiingie wadudu. Unaziosha tu mara mbili.

"Ukipika hizi," Syokau akasema, "umepika shamba."

"Shamba gani? La kufikiwa na maji ambayo hayaji?"

"Machi yatakuja."

"Na tukifa Februari?"

"Hatufi. Tutakonda."

Akaniambia sheria ya ukingo, yote, mara ya kwanza. Kwamba mtama na mahindi angeweza kuomba kwa watu, lakini hizi kunde ni za ukingo, zinajua tope, na bila hizi na bila yeye Machi kipande cha mama yake kinakwenda kwa Nyamai, na mama yake atazeeka kwa kuomba nyanya za Nyamai. Kwamba Lindi imekwisha, tangi limekatwa, na hakuna mahali pengine duniani pa kwake. Nilikuwa na njaa, sikutaka kuelewa, lakini nilielewa. Akanyanyua macho kwenye balbu ya Waithira, ile moja ya plot nzima inayowaka hapo uani.

"Unaiona hiyo? Hayo ndiyo mafuriko yetu. Yalikuja huku kwa waya."

Tukala sukuma.

Basi tulikonda. Mwisho wa Februari wakubwa wakatia sahihi karatasi yao ya amani, watu wa Gatina wakapiga filimbi, maharagwe yakaanza kuja. Machi ikanyesha. Ilinyesha Nairobi vizuri, mpaka barabara ya 56 ikawa uji. Syokau alisimama mlangoni akiangalia wingu upande wa Nyandarua kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Siku ya tatu akafunga kibuyu kwa leso.

Jeconia alimpigia simu. Nilikuwa hapo, nikasikia upande mmoja.

"Najua... Najua, Jeconia... Redio ndiyo inajua mto kuliko mimi?... Basi yajae. Si inanyesha? Yatajaa." Akakata.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema tangi."

Akapanda basi.

Yaliyofuata nusu alinieleza yeye, nusu niliyaona. Alifika, akamkuta mama yake amekalia kigoda mlangoni, nyonga imefungwa kitambaa, akitazama chini mtoni. Ndovu alikuwa amelowa kwato. Syokau akatayarisha mti wa kuchimbia, akangoja. Wiki ikaisha. Juu huko ilikuwa inanyesha, wingu analiona, radi anaisikia, na maji yanaingia kwenye bwawa la kwanza, na la pili, yanakaa. Wiki nyingine ndovu akalowa kidogo juu ya kwato, maji yakasimama hapo. Maji mengi yalipita mbele yake mchana kutwa, mengi kweli, hayakupungua na hayakuongezeka. Kipande chake kilikuwa hapo juu, hatua chache tu kutoka majini, kikavu, kimepasuka.

Nyamai alikuwa anateremka kila asubuhi kuwasha pampu yake. Ilikuwa inapiga kelele kama pikipiki iliyonasa matopeni.

"Syokau," alimwambia, "mvua ya Nairobi ni ya Nairobi. Rudi ukauze maji. Kipande nitakitunza, si ni cha ukoo."

"Umeanza kukitunza kabla sijakufa?"

"Sijasema ufe. Nimesema msimu wa pili umekwisha."

"Haujaisha."

"Nionyeshe maji basi."

Mama yake, Nzilani, ndiye alisema lile neno ambalo Syokau hakutaka kulisikia kutoka kwa Jeconia. "Mwanangu, mwaka ule haukuwa mto kupona. Ulikuwa mto kujaa. Huu hautarudi kuja kwako. Ukitaka maji, shuka uyafuate."

Syokau akakaa na hilo siku nzima. Kesho yake akanipigia simu. Hakunisalimia. "Mitungi yangu iko wapi?"

Mitungi yake ya kuuzia maji, ile ya lita ishirini, Jeconia alikuwa ameiokoa. Vijana walikata tangi, mitungi hawakuona faida. Alikuwa ameifunga kamba akaiweka chini ya kitanda chake. Nilienda Lindi kuichukua, na huyo Jeconia akanisaidia kuibeba mpaka stendi ya mabasi ya Ukambani, akiwa Mjaluo peke yake katikati ya Wakamba wote hao, Aprili ya mwaka huo, na hakuna aliyemsemesha vibaya.

"Tangi halikujaa?" akaniuliza.

"Halikujaa."

Hakucheka. "Mwambie ashike ukingoni, sehemu ya chini kabisa. Asipande lote."

Nilipofika niliona mto mkubwa kweli. Mimi nimezoea mito ya Machakos, ambayo ni mchanga na matumaini. Nikasifu jinsi maji yalivyokuwa safi. Mama Nzilani akanitazama kama mtu aliyesifu sufuria kwa kukosa chakula. Maji safi maana yake udongo wote wa Murang'a umebaki kule juu, chini ya bwawa. Hata ukilowesha ukingo, hauna mbolea tena.

Kwa hivyo kwanza tulikusanya samadi ya mbuzi. Halafu tukashuka. Wanawake wa Ukambani hubeba mgongoni, kamba inapita kichwani juu ya paji. Mimi ni wa mji, shingo yangu ilikataa siku ya kwanza, na Syokau akaniuliza nilikuja kufanya nini. Yeye alipanda na kushuka kana kwamba anapeleka maji kwa wateja wa Lindi, mtungi baada ya mtungi, bila kumwaga. Kazi ya miaka ile yote haikuwa imepotea. Hakupanda lote. Alichukua upande wa chini, karibu na maji, akachimba mashimo, samadi, mtungi, kunde, mtungi. Mistari michache. Mama yake alikuwa anaelekeza kwa sauti kutoka juu, na kila alichoelekeza Syokau alikuwa ameshakifanya.

Kunde zilipotoa majani mawili, Nyamai akaita wazee.

Walikuja watatu, na mama mmoja mzee wa ukoo ambaye sikio lake halisikii isipokuwa anachotaka. Hakukuwa na viti huko chini, wakakalia mitungi ya Syokau, imegeuzwa kichwa chini. Nyamai alianza.

"Sheria ni yenu, si yangu. Maji yafike, mbegu iingie. Mbegu naiona. Maji hayakufika. Muulizeni ndovu."

Wote wakamgeukia ndovu. Alikuwa amelowa kwato.

"Ni kweli," Syokau akasema. "Ndovu hajalowa. Na nyanya zako zimelowa mpaka shingo. Maji yako yalifikaje?"

"Kwa pampu. Kila mtu anajua."

"Kwa hivyo hayakuja. Yaliletwa."

"Yalivutwa na mashine."

"Yako yalikuja kwa mpira, yangu kwa mgongo. Kama maji ya kuletwa hayahesabiwi, basi wewe, Nyamai, hujafikiwa na maji tangu ununue hiyo pampu. Hiyo ni zaidi ya misimu miwili. Na jirani wako wa karibu ni mimi."

Yule mama mzee alicheka kabla wazee hawajamaliza kuelewa. Nyamai akasema pampu ni kitu kingine. Mzee mmoja akamwuliza, kingine kwa njia gani? Nyamai akaangalia mpira wake wa bluu uliokuwa umelala mchangani.

Wazee waliongea muda mrefu, na waliongea Kikamba cha kwao ambacho mimi wa Machakos nakishika nusu. Mwisho walisema hivi: mto umekuwa mwingine, na mtu hawezi kunyang'anywa kwa kosa la mto. Aliyebeba amefikiwa. Lakini, mzee akaongeza akimwangalia Syokau, aliyebeba msimu huu atabeba na ujao. Kipande hakitashikwa na mtu aliye Nairobi.

Hapo nikaona uso wa Syokau ukitulia na kuchoka kwa wakati mmoja. Alikuwa amepata alichotaka, na alichotaka kilikuwa mzigo wa lita ishirini, kila siku, msimu baada ya msimu, kwa mistari michache ya kunde. Hakuna mafuriko tena ya kumfanyia kazi usiku akilala. Akasema ndiyo. Wazee wakainuka, akageuza mitungi, akaenda kujaza.

Nilirudi Gatina peke yangu. Waithira akaniuliza mgeni yuko wapi, nikamwambia ameenda kwake. Akasema basi kodi ya mgeni tumesamehe, kana kwamba kuna kodi ya mgeni.

Agosti akaja. Alikuwa amekauka, shingo imekuwa kama ya bondia. Alileta kifuko cha kunde kwangu na kingine kwa Jeconia. Kibuyu alikuwa amekiacha kwa mama yake, kimejaa, na majivu yake. Hakutaka kwenda Lindi, kwa hivyo nikampigia Jeconia, akatembea mpaka Gatina na sanduku lake la viatu. Nilichemsha kunde mchana kutwa. Zilikuwa ngumu, za mbolea ya mbuzi, si zile za tope, na nilimwambia hivyo. Akasema niongeze maji, si nina mfereji.

Tulipokaa kula, Jeconia alitafuna kunde polepole, kama anavyofanya kila kitu.

"Lilijaa?" akauliza.

"Halikujaa."

"Nilikwambia."

"Uliniambia," Syokau akasema, akamsukumia bakuli. "Sasa kula."